Nimechaguliwa kwenda kongamano la maumivu Mwanza mjini, niende na nini nirudi na nini?

Nesi_Nansio

Habarini za jioni wadau, hasa mlio kwenye kada ya afya. Mimi ni nesi huku Ukerewe, wodi ya wanawake, mwaka wa 6 huu kazini. Juzi mganga mfawidhi kaniita ofisini akanambia kuna kongamano la siku 2 Mwanza mjini kuhusu udhibiti wa maumivu, hospitali yetu imepewa nafasi moja na jina lililopelekwa ni langu. Nimefurahi sana maana sijawahi kwenda kongamano la kitaalamu, zaidi ya semina za hapa hapa wilayani, ila tangu siku hiyo usingizi hauji vizuri na nitawaambia kwa nini.

Mwezi wa 3 tulikuwa na bibi mmoja kutoka kisiwani, kansa ya shingo ya kizazi, ilishasambaa, karudishwa nyumbani kutoka hospitali kubwa kwa sababu matibabu yalishafika mwisho. Sisi tulichokuwa nacho ni sindano ya diklofenaki na panado, tramadoli zilikuwa zimeisha. Yule bibi alilia usiku kucha siku 3. Sio kulia kwa sauti, alikuwa anaguna tu kama mtu anabeba mzigo haumalizi safari, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanaamka wanamuombea. Mjukuu wake wa kike, binti wa miaka kama 15, akaja pale mezani akaniuliza "nesi hakuna sindano nyingine?" nikamwambia hakuna. Alfajiri ya siku ya 4 bibi akafariki, zamu ilikuwa yangu, mimi ndio nilimfumba macho. Mofini, ile dawa kali ya maumivu, hatukuwa nayo na nikisema ukweli wangu wote hata ingekuwepo ningeogopa kumpa, chuoni tuliambiwa inakata pumzi na inamfanya mtu teja, basi, hatukuambiwa zaidi ya hapo.

Sasa maswali yangu. Inaruhusiwa kwenda na kisa cha mgonjwa wako ukauliza mbele ya maprofesa au pale ni kusikiliza tu? Mada zinatolewa kwa Kiingereza, kuna mtu aliwahi kukwama? Na kikubwa zaidi, mngekuwa nyie mngeuliza nini, maana nafasi ni moja na sijui nyingine itakuja lini. Nauli ya meli hospitali inalipa, malazi bado hawajasema.

Ngosha_wa_Igogo

Mwangaluka nesi. Mimi sio wa afya, nina mdogo wangu ni mtu wa maabara huwa nampeleka kwenye hizi shughuli. Njoo siku moja kabla usije asubuhi ya siku yenyewe, meli kutoka Nansio ni masaa matatu hivi likiwa shwari lakini ziwa halina ratiba, upepo ukivuma unafika saa 6 mchana wenzio wameshamaliza mada mbili. Malazi tafuta gesti huku Igogo au Kirumba kwenye mitaa ya ndani, bei ni nafuu kuliko za katikati ya mji na daladala zipo. Halafu usisaini asubuhi ukapotelea sokoni, wengi wanafanya hivyo na wanarudi jioni kuuliza cheti. Wewe kwa ulivyoandika najua huwezi, nimesema tu.

dokta_usingizi

Sista, pole kwanza kwa yule bibi, na pole kwako maana kusimama pale bila kitu mkononi ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Mimi ni wa usingizi na ganzi hapa mjini, makongamano haya nimekwenda kadhaa na mengine nimetoa mada kwahiyo nakujibu nikiwa upande wa pili wa meza.

Nenda na yule bibi. Namaanisha andika kisa chake karatasi moja: umri, ugonjwa, alipewa nini, saa ngapi, maumivu yalikuwa kiasi gani kabla na baada, jina lake usiliweke. Mtoa mada akimaliza kuna dakika za maswali na watu wengi wanauliza mambo ya kujionyesha, ukisimama wewe na mgonjwa halisi wa kitanda namba fulani ukumbi wote unaamka. Uliza kwa Kiswahili, hakuna atakayekukatalia, nusu ya watoa mada wenyewe wakinogewa wanahamia Kiswahili. Na usijione mdogo eti wewe ni nesi. Mama Cicely Saunders wa Uingereza, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuhudumia wagonjwa wasiopona, pale London mwaka 1967, alianza kama nesi, udaktari kausomea baadae kwa sababu alitaka kusikilizwa kuhusu wagonjwa wanaokufa na maumivu. Yeye ndio alifundisha dunia kwamba maumivu sio ya mwili peke yake, yule bibi alikuwa anaumwa nyonga na pia anaumia kwamba mjukuu atabaki na nani, shamba litakwenda wapi, Mungu kamuacha au hajamuacha, na yote hayo yanatoka kwa mguno mmoja.

Ukikaa pale utasikia sana kuhusu ngazi ya dawa za maumivu ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 1986, nikutangulizie ili usipotee. Ina vidato 3. Cha kwanza panado na jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, cha pili kodeini na tramadoli, cha tatu mofini. Kanuni zake ni dawa ipitie mdomoni kama mgonjwa anameza, itolewe kwa saa sio kwa kuombwa, yaani dozi inayofuata inaingia kabla maumivu hayajarudi, na kila mgonjwa apimiwe kivyake. Hapo kwenye saa ndipo tunapoharibu karibu wote, tunaandika "akilalamika apewe", mgonjwa wa Kisukuma au wa Kikerewe amelelewa asilalamike, basi anakaa kimya hapewi kitu. Na muongozo wa WHO wa 2018 umeshasema sio lazima upande kidato kimoja kimoja, mtu maumivu ni makali unaanza na dawa kali siku hiyo hiyo. Yule bibi alitakiwa mofini tangu siku ya kwanza, panado ikienda sambamba.

Kuhusu kukata pumzi. Inaweza, kama umetoa dozi kubwa kwa mtu ambaye hajazoea au figo zake zimechoka. Lakini haitokei ghafla kama radi, mgonjwa kwanza anasinzia kupita kiasi, unamuamsha anarudi kulala, ndipo pumzi zinapungua, kwahiyo nesi anayechungulia usingizi wa mgonjwa anaiona hatari mapema, na dawa ya naloksoni ipo ya kuzima nguvu ya mofini. Mzee dhaifu unaanza na miligramu 2.5 mpaka 5 kwa mdomo kila masaa 4 halafu unaangalia. Kitu kitakachokusumbua kila siku ni choo kigumu, wanaoandikiwa mofini bila dawa ya kulainisha choo wanaishia kuikataa mofini yenyewe, na hapo watu wanasema dawa haimfai kumbe tumbo ndio limefunga.

Halafu usikose mada ya selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, kama ipo. Kanda yetu ya ziwa watoto hawa ni wengi mno, nyie wa visiwani mnawaona, anakuja kavimba viganja na nyayo analia, na akishakuwa kijana wa miaka 17 anaanza kuambiwa anapenda sindano. Huyo maumivu yake ni ya kweli, damu imeziba mishipa mifupa inakosa hewa. Na pethidini, ile dawa nyingine kali ya maumivu, msimpe ya kurudia rudia, mabaki yake yanajaa mwilini yanaleta degedege.

Mama_Doto_Igoma

Samahanini nyie wataalamu naingilia, mimi ni mtu wa kawaida, nauza mboga, nimesoma nikashindwa kupita.

Mimi mama yangu alikuwa na kansa ya titi, kafariki mwaka juzi, tulimuuguzia nyumbani huku Igoma. Yeye alibahatika kuandikiwa mofini ya maji, ile chungu, na niseme ukweli mbele za Mungu ile dawa ilinirudishia mama. Kabla yake alikuwa amegeuka ukuta hataki mtu, ameanza kunywa akaomba uji, akaomba mtoto wangu Doto aletwe amsuke nywele, tukacheka, wiki kama 7 hivi tulikaa na mama yetu kabisa. Ila kulikuwa na tatizo moja, dawa inatolewa kituo fulani sitaki kukitaja, unapewa ya siku chache, ukifika Ijumaa mwenye ufunguo wa kabati hayupo, kaenda msibani au kaenda kikao, rudi Jumatatu. Jumamosi na Jumapili ya kwanza mama aliteseka mpaka nilitaka kumpa dawa yoyote ya dukani. Mimi nilijua kupika nikajua kufua, kumuangalia mama anauma shuka sikujua. Sasa nesi mimi ukifika huko naomba uniulizie hilo tu, kwa nini ufunguo uwe kwa mtu mmoja. Maumivu hayajui wikiendi.

Na lingine, hakuna aliyenielekeza. Nilipewa chupa na neno "kijiko kila masaa manne" nikawa najiuliza kijiko kipi, cha chai au cha chakula, usiku nimuamshe au nisimuamshe. Nilikuwa naweka alamu ya simu saa 8 usiku namuamsha mtu aliyelala vizuri namnywesha, nikiogopa nikikosea nitamuua mama kwa mkono wangu.

Kijana_Buzuruga

Pole sana mama Doto. Ila naomba kueleweshwa na mimi, kwetu wanasema mgonjwa akishaanzishiwa mofini ujue ndio anaagwa, baba mdogo aliikataa kabisa kwa sababu hiyo, tukasema ni bora avumilie. Na je hawi teja?

dokta_usingizi

Kijana, swali zuri na baba mdogo sio wa kulaumiwa, amesikia kutoka kwetu. Imekuwa hivyo kwa sababu sisi tunaitoa siku 2 za mwisho, basi watu wameona mofini na kifo vinatembea pamoja wakadhani moja inamleta mwenzake. Ikianzwa mapema mtu anaweza kukaa nayo miezi na miaka, anakwenda shamba, anakwenda kanisani. Uteja ni mtu kuitafuta dawa kwa ajili ya raha hata inapomuharibia maisha. Mgonjwa wa kansa anayepewa kwa kipimo cha maumivu yake anaitafuta apate kulala, ni kitu kingine. Mwili wake utazoea, ndio, hivyo usiikate ghafla unaipunguza taratibu, lakini hata dawa za presha nyingine ukikata ghafla mwili unagoma na hatuwaiti mateja wa presha.

Mama Doto, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Dozi ya saa 4 usiku kwa kawaida tunaiongeza mara mbili ili hiyo ya saa 8 usiku irukwe, wewe na mama mlale. Ulitakiwa kuambiwa hivyo siku ya kwanza. Hukukosea popote.

Mganga_wa_Kagera

Mimi ni afisa tabibu, nipo upande wa Bukoba. Mwaka 2016 nilikwenda mkutano wa chama cha tiba shufaa cha Afrika, yaani tiba ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, ulifanyika Kampala, nilipita Mutukula na basi, nikaingia nimechoka vumbi mpaka kwenye kope. Chama chenyewe kilizaliwa hapa kwetu Arusha mwaka 2004, ofisi zake ndio ziko Kampala.

Nitakwambia nilichojifunza na hakikuwa ukumbini. Tulipelekwa kutembelea hospisi ya Makindye, ile iliyoanzishwa na dokta Anne Merriman mwaka 1993. Wanachanganya mofini ya unga na maji, wanaitia rangi, ya kijani ndio hafifu, miligramu 5 kwenye mililita 5, yenye nguvu zaidi rangi yake nyingine, hata bibi asiyejua kusoma hawezi kuchanganya chupa. Na Uganda tangu 2004 sheria inaruhusu nesi au afisa tabibu aliyesomea kozi maalum kuandika mofini mwenyewe. Kwetu mwandikaji ni daktari, kwahiyo nesi wa Nansio hilo ni swali la kubeba, kisiwani daktari ni mmoja akivuka kwenda mjini nani anaandika?

Kwa hiyo kwenye chai na chakula usikae na watu wa kwenu. Kaa na mtu wa Sengerema, wa Geita, wa Musoma, uliza mofini wanapata wapi, nani anaiandika, wameanza lini, chukua namba ya simu. Mimi mpaka leo nikikwama nampigia mtu niliyekaa nae kwenye foleni ya wali. Mada utaletewa kwenye barua pepe, ila yule mtu hutaletewa.

Mfamasia_Kirumba

Niongezee kwa upande wa dawa, maana watu wanasema mofini haipo na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba haijaagizwa. Bohari ya dawa haiwezi kukuletea kitu ambacho hujaandika kwenye oda, na mfamasia wa wilaya haandiki kitu ambacho wodi haijawahi kuomba, na wodi haiombi kwa sababu haijawahi kuiona. Mnazunguka hapo miaka 10. Mtu wa kuvunja huo mzunguko ni nesi mwenye takwimu, andika ndani ya mwezi mmoja mmepata wagonjwa wangapi wa maumivu makali, kansa, kuungua, mifupa, selimundu, peleka hizo namba kwa mfawidhi na mfamasia wakae wakadirie.

Ikija inakaa kabati la chuma lenye kufuli mbili, daftari lake ni la peke yake, kila mililita iliyotoka imeandikwa jina la mgonjwa, dozi, saa, sahihi mbili, na iliyobaki inahesabiwa kila zamu. Watu wakiona utaratibu huo wanaogopa jela. Ukiandika huna cha kuogopa. Na swali la Mama Doto kuhusu ufunguo jibu lake ni hilo hilo, ufunguo unakabidhiwa zamu kwa zamu kwa maandishi kama mnavyokabidhiana wodi, hakuna sababu ya kwenda nao msibani.

Nesi_Nansio

Nimewasoma wote, nimelia kwa Mama Doto. Naondoka Jumanne na meli ya asubuhi, malazi nimejilipia Kirumba. Nikirudi nitaandika.

Nesi_Nansio

Wadau nimerudi, samahani nimechelewa, nilikuta zamu mbili zinanisubiri.

Niliuliza. Siku ya kwanza mchana, mtoa mada kamaliza kuhusu kansa, nikanyoosha mkono, miguu inatetemeka, nikasoma karatasi yangu ya bibi mpaka pale mjukuu anapouliza hakuna sindano nyingine. Ukumbi ukawa kimya. Yule mtoa mada hakunijibu kwanza, aliwageukia watu akauliza ni wangapi humu wamewahi kumjibu hivyo ndugu wa mgonjwa, mikono ikanyooka karibu yote, na ya madaktari pia. Nilikuwa nimejiona mwenye dhambi peke yangu miezi yote hii. Halafu ndio akaanza kunijibu, na tulitumia muda mrefu kwenye kisa cha bibi, dozi gani, ianze saa ngapi, kama hamezi mnafanyaje. Mama Doto swali lako la ufunguo nililiuliza siku ya pili, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba maumivu hayajui wikiendi, mfamasia mmoja wa huko Mara akaliandika kwenye daftari lake nikamuona.

Kingereza kilinipiga chenga kwenye mada ya mishipa ya fahamu, nyingine nilifuata. Chakula kizuri, cheti na pointi nimepata.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kupima maumivu kwa mkono. Sisi tulikuwa tukiuliza sifuri mpaka kumi, bibi zetu wanacheka, wanasema kumi ya nini. Huku unafunga ngumi unamwambia hii ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu makali kuliko yote, nionyeshe yako. Na mtoto asiyesema unaangalia uso, miguu, anavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Nimerudi Ijumaa, Jumatatu nimeongea na incharji tukachora kisanduku kwenye fomu ya vipimo, pembeni ya presha na joto, kila nesi anaandika vidole. Siku ya pili tu mama aliyefanyiwa upasuaji, ambaye wote tulikuwa tunamsifu ni mvumilivu, kanyoosha vinne. Amelala hapo siku nzima na vinne vyake hakuna aliyemuuliza.

Mofini bado. Nimehesabu kwenye daftari la wodi, miezi 6 iliyopita, nimepata wagonjwa 23 ambao leo ningewaombea. Mfawidhi kasaini, mfamasia wetu kasaini, oda imeondoka Alhamisi. Wiki ijayo nafundisha wenzangu saa moja baada ya ripoti ya asubuhi, naanza na hofu ya pumzi maana ndio iliyonishika mimi.

Mfamasia Kirumba nina swali, ikifika, mgonjwa wa kisiwani anayerudi kwao na mtumbwi, hawezi kuja kila siku 3, unampimia kiasi gani na chupa ya namna gani?

Mfamasia_Kirumba

Hongera sana sista. Piga hesabu hivi, kama ni ile ya miligramu 5 kwa mililita 5 na dozi yake ni mililita 5, anakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anakunywa 10 ili alale. Hiyo ni mililita 30 kwa siku, wiki 2 ni 420. Mpe nusu lita, zile 80 ni za dozi ya katikati maumivu yakichomoza kabla ya saa. Chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza, isiwe ya soda, watoto watakunywa. Usimpe kijiko, mpe bomba la sindano bila sindano, umuwekee alama ya kalamu pale kwenye 5 na 10, ajaze maji mbele yako mara 3 mpaka mkono uzoee. Kwenye lebo chora jua linachomoza, jua la utosini, jua linazama, na mwezi. Na namba ya simu ya wodi, ya wodi, sio yako.

Mama_Doto_Igoma

Nesi Mungu akutunze. Muandikie na huyo anayeuguza kwamba usiku asimuamshe.

Nesi_Nansio

Nimeandika mama.